Kilicho Nyuma ya Kifuniko: Cheni ya Taimingi na Suala la Amana

Miongoni mwa maswali ya maadili yaliyo magumu kuyajibu ni lile la wajibu wa mtu kwa kazi ambayo hakuna atakayeiona. Swali hilo hujadiliwa zaidi kwa mifano ya wafalme, mahakimu na wachamungu, ilhali linajitokeza kwa ukali uleule, na pengine kwa uwazi zaidi, katika kazi ya fundi wa magari anayefanya ovaholi, yaani anayeishusha injini, kuifungua yote na kuijenga upya, hasa anapofikia hatua ya kuchagua cheni ya taimingi. Cheni hiyo hukaa nyuma ya kifuniko kilicho mbele ya injini, na kifuniko kikishawekewa gasketi na boliti zake kukazwa, mwenye gari hana njia ya kujua kilichomo ndani ila kwa kuambiwa. Rai inayotetewa hapa ni kwamba uchaguzi wa cheni ni suala la amana kabla ya kuwa suala la bei, na kwamba amana hiyo haitimizwi kwa kununua tu kile kilicho ghali kuliko vyote, kama wengi wanavyodhani.

Ili hoja ieleweke, yafaa kwanza kueleza kazi ya cheni yenyewe. Injini ya mapigo manne, ambayo Nikolaus Otto aliijenga Ujerumani mwaka 1876, hufanya kazi kwa mfuatano wa kuvuta hewa na mafuta, kuibana hewa hiyo, kuiwasha na kuutoa moshi, na mfuatano huo hukamilika baada ya kranki, ambayo ni mhimili unaozungushwa na pistoni, kuzunguka mara mbili. Valvu, yaani milango midogo ya kuingizia hewa na kutolea moshi, husukumwa na mhimili mwingine uitwao kamshafti, ambao sharti uzunguke mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki. Cheni ya taimingi ndiyo inayoifunga mihimili hiyo pamoja kupitia magurudumu yenye meno yaitwayo sproketi, na sproketi ya kamshafti huwa na meno mara mbili ya ile ya kranki. Kranki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufungwa mara 25 kwa sekunde, na kila mara hiyo sharti iwe imekwisha kuipisha pistoni inayopanda. Katika injini ambazo pistoni na valvu hutumia nafasi moja kwa zamu, cheni ikiruka meno kadhaa au ikikatika, chuma hugonga chuma, valvu hupinda, na gharama yote ya ovaholi hupotea ndani ya nukta chache.

Cheni ya aina hii ina asili yake katika kazi ya Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyeishi Manchester, Uingereza, ambaye mwaka 1880 aliunda cheni ambayo pini zake huzunguka ndani ya bushi, yaani vijibomba vigumu vinavyousambaza msuguano kwenye eneo pana badala ya kuuacha uile sehemu moja nyembamba. Mafundi husema kwamba cheni iliyochakaa imevutika, na neno hilo hupotosha, kwa sababu chuma chake hakivutiki kama mpira; kinachotokea ni kwamba kila pini hulika kidogo ndani ya bushi yake, na ulikaji huo mdogo hujumlishwa kutoka kiungo hadi kiungo. Chukulia cheni yenye viungo 100, kila kimoja kikiwa kimelika sehemu moja ya mia ya milimita, kiasi ambacho jicho wala kidole haviwezi kukitambua: cheni nzima itakuwa imerefuka kwa milimita 1, na kamshafti itakuwa inachelewa nyuma ya kranki. Hapo hakuna kiungo kimoja kinachoweza kulaumiwa. Wayunani walilijua tatizo hili kwa jina la fumbo la lundo, linalohusishwa na Eubulides wa Mileto, ambalo huuliza ni punje ya ngapi inayozifanya punje zilizotawanyika ziitwe lundo. Imamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilitazama jambo hilohilo kwa jicho la mlezi wa nafsi alipoeleza, katika mlango wa toba wa kitabu chake cha Ihya, kwamba dhambi ndogo inayoendelezwa hugeuka kubwa, kama matone yanavyoacha alama juu ya jiwe ambalo maji yaleyale yakimwagwa kwa mara moja yasingelidhuru. Methali ya haba na haba hujaza kibaba, ambayo watu huisema wakisifu akiba, hufanya kazi upande wa hasara vilevile.

Kinachoitofautisha cheni njema na cheni duni ni ule uwezo wa pini na bushi kustahimili kulika, na uwezo huo hutokana na aina ya chuma na namna kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Juu ya meza ya muuzaji wa spea cheni hizo mbili hung'aa sawasawa. Fundi mzoefu anaweza kuitilia shaka moja kwa kuipima uzito mkononi, kwa kuitazama miisho ya pini zake au kwa kuisoma chapa iliyopigwa kwenye vibao vya viungo vyake, lakini ugumu wa chuma hauonekani, na boksi lenye jina la kiwanda maarufu linaweza kuwa limechapishwa mahali ambapo kiwanda hicho hakijawahi kufika. Kenya ilitunga Sheria ya Kupambana na Bidhaa Bandia mwaka 2008, na Tanzania ina Tume ya Ushindani inayofuatilia matumizi haramu ya alama za biashara. Vyombo hivyo ni vya lazima, lakini vinachoweza kukichunguza ni ukweli wa jina lililo juu ya boksi, na jina la kweli si hakikisho kwamba kilichomo kinaifaa injini fulani yenye umri fulani na mzigo fulani. Hukumu hiyo ya mwisho hubaki kwa fundi. Kwa hiyo mteja anamwamini fundi kwa kitu ambacho fundi naye, kwa sehemu, anakiamini bila kukiona.

Katika kitabu cha pili cha Jamhuri ya Plato, mhusika aitwaye Glaukoni anasimulia kisa cha mchungaji wa nchi ya Lidia aliyeokota pete yenye uwezo wa kumfanya asionekane, akaitumia kumwua mfalme na kutwaa ufalme. Pete hiyo hujulikana kwa jina la Gyges, na hoja ya Glaukoni ni kwamba mtu yeyote angefanya vivyo hivyo, kwa kuwa watu hutenda haki kwa sababu ya kuogopa kuonwa. Kifuniko cha taimingi ni pete ya namna hiyo, kwa tofauti moja inayolifanya jambo kuwa zito zaidi: pete ya Lidia humficha mtu, ilhali kifuniko huificha kazi huku mtu mwenyewe akiendelea kusimama mbele ya mteja, akipokea malipo na shukrani.

Jibu linalosikika mara nyingi gereji ni kwamba injini yenyewe itamuumbua fundi mwongo. Jibu hilo lina faraja lakini halina nguvu. Cheni duni huweza kudumu mwaka au zaidi, na itakapoanza kulia, gari huenda limeshauzwa, oili imeshabadilishwa mahali pengine, na fundi wa pili atakayelifungua atakuta dalili zinazoelezeka kwa sababu kumi, kuanzia oili chafu hadi dereva asiyejali. Ushahidi wa kosa huliwa pamoja na chuma. Mwenye kutegemea kwamba uovu utajifichua kwa nguvu zake wenyewe hajamjibu Glaukoni. Ameikataa tu pete isiwemo katika kisa, wakati katika injini pete imo na hufanya kazi kila siku.

Majibu ya dini yanakwenda ndani zaidi, kwa sababu yanakubali kwamba binadamu hamwoni mwenzake na yanaiweka hoja mahali pengine. Hadithi mashuhuri iitwayo ya Jibrili huifafanua ihsani kuwa hali ya mja kumwabudu Mungu kana kwamba macho yake yanamwona, akijua kwamba hata asipomwona, yeye yuko mbele ya macho ya Mola wake. Kiswahili kililipokea neno hilo kwa umbo la hisani, na katika safari hiyo maana yake ikapungua, ikabaki ile ya fadhila na wema anaotendewa mtu, ilhali maana pana ya asili hujumuisha kulifanya jambo vizuri hadi ukamilifu wake, liwe la ibada au la mikono. Hasara hiyo ya maana si ndogo. Fundi anayefunga cheni inayofaa hudhaniwa kuwa amemfanyia mteja hisani, kana kwamba amemwongezea kitu juu ya haki yake, wakati kwa maana ya asili hajafanya zaidi ya kuikamilisha kazi yake. Upande wa Ukristo, Paulo katika waraka wake kwa Wakolosai anakemea utumishi wa macho, yaani utumishi unaokuwa mwema pale bwana anapotazama tu. Ni haki kukumbuka kwamba maneno hayo yaliambiwa watumwa, ambao kuwadai moyo safi kwa kazi isiyo na ujira ni jambo zito kulitetea. Lakini hoja ikihamishiwa kwa fundi huru, aliyekubali kazi na malipo kwa hiari yake, inasimama bila kuyumba.

Kwa msomaji asiyetaka kulijenga jibu juu ya imani, ipo hoja nyingine katika kitabu cha kwanza cha Jamhuri, ambako Sokrate anajibizana na Thrasimako kuhusu watawala. Sokrate anatenganisha ufundi wenyewe na ufundi wa kupata ujira: utabibu kwa asili yake hutafuta afya ya mgonjwa, na tabibu anapopokea malipo anatumia ufundi wa pili, ambao unaambatana na utabibu lakini si utabibu. Ukiupima uchaguzi wa cheni kwa kipimo hicho, unaona kwamba fundi anayeweka kitu kisichofaa ili aibakishe tofauti ya bei hajafanya umakanika mbaya kwa ajili ya fedha. Kwa saa ile ameacha kuwa makanika na amekuwa mtafuta ujira aliyeshika spana. Hoja hii ina nguvu kwa sababu haimhitaji shahidi yeyote. Inamwuliza fundi yeye ni nani kifuniko kikiwa bado kiko mezani, na mtu aliyeutumia ujana wake kujifunza kazi hawezi kulipuuza swali hilo bila kujidharau.

Hata hivyo, kutaka kuwa mwaminifu hakumwambii mtu achague cheni ipi, na hapa ndipo mazungumzo mengi ya maadili huishia mapema mno. Mfano unaofundisha kuliko mingine ni injini ya Toyota iitwayo 22R, ya silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,366, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1981 na kufungwa kwenye magari ya Hilux yaliyoenea mabara mengi, Afrika Mashariki ikiwemo. Injini za ukoo huo zilizotangulia, pamoja na 22R za mwanzo, zilikuwa na cheni ya safu mbili, yaani cheni mbili zilizoungana ubavu kwa ubavu juu ya pini moja ndefu, na miongozo yake, yaani vibao ambavyo cheni huteleza juu yake ili isipigepige, ilikuwa na mgongo wa chuma. Karibu na mwaka 1983 cheni ikawa ya safu moja na miongozo ikawa ya plastiki. Mabadiliko hayo hayakuwa ya kipumbavu, kwa kuwa cheni nyepesi hupunguza nguvu ya injini inayoliwa na hupunguza kelele, na injini hizo zilijijengea sifa ya uvumilivu duniani kote.

Tatizo lilionekana miaka ikisogea. Cheni ya injini hii hukazwa na tenshena, ambayo ni kifaa chenye pistoni ndogo inayosukumwa na presha ya oili; injini inapowashwa asubuhi presha hiyo haijapanda, kwa hiyo kwa muda mfupi cheni hulegea na kuupiga mwongozo. Plastiki iliyopikwa na joto la oili kwa miaka mingi hukauka, hupasuka, kisha huanguka vipande vipande kwenye sampu, ambayo ni bakuli la oili chini ya injini. Cheni iliyokosa mwongozo huyumba na kuanza kuukwangua ukuta wa ndani wa kifuniko cha taimingi, ambacho ni cha alumini na kina mkondo wa maji ya kupozea injini upande wa pili wa ukuta huo. Ukuta ukitoboka, maji huingia kwenye oili, oili hugeuka rangi ikawa kama chai ya maziwa, na beringi za kranki, ambazo uhai wake ni utando mwembamba wa oili safi, huharibika pasipo mwenye gari kujua chanzo. Wengi waliokutwa na balaa hilo waliilaumu cheni, wakaapa kwamba safu moja haifai, wakaanza kutafuta seti za kurudisha safu mbili. Lakini aliyekosa hapo hakuwa cheni. Cheni ya safu moja iliyotengenezwa vizuri inaumudu mzigo wa injini ile. Kilichoshindwa ni kibao cha plastiki kilichowekwa kuisaidia, na fundi anayebadilisha cheni akaacha miongozo ya aina ileile amebadilisha kilichoonekana na kuacha kilichosababisha. Uamuzi ulio sahihi kwa 22R nyingi ni cheni ya safu moja kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika, pamoja na miongozo yenye mgongo wa chuma, na kifuniko cha zamani kukaguliwa kwa kidole na kwa taa, kibadilishwe kikionekana kuwa na mfereji uliochimbwa na cheni.

Huko Marekani historia ilichukua njia nyingine yenye fundisho la aina yake. Katika miaka ya 1960 injini nyingi za V8 za nchi hiyo zilifungwa sproketi za kamshafti zenye kiini cha alumini na meno yaliyovikwa nailoni, na lengo lilikuwa utulivu wa sauti. Nailoni ilipozeeka ilivunjika, na vipande vyake vikateremka kwenye sampu na kuziba chujio la kuvutia oili. Hapa pana jambo linalostahili kutafakariwa na yeyote anayejali uhusiano wa wema na mwonekano. Ukimya wa injini ni sifa ambayo mnunuzi huisikia siku ya kwanza, akiwa bado hajatoa fedha, ilhali uimara wa miaka kumi na mitano hausikiki siku hiyo, na sifa inayosikika ina tabia ya kuisukuma nje ile isiyosikika. Isitoshe, cheni ya chuma inapochakaa hulia, na kelele hiyo, ijapokuwa ni kero, ni onyo. Meno ya nailoni yalikuwa na uwezo wa kunyamaza mpaka siku ya kuvunjika. Aliyezoea kuusifu ukimya kama dalili ya afya, katika injini au katika nyumba ya watu, anayo sababu ya kufikiri upya.

Kutokana na mifano hiyo miwili wapo wanaofikia hitimisho kwamba usalama uko katika kuchukua kilicho kizito, kinene na ghali kuliko vyote. Aristotle aliuona upungufu wa fikra ya namna hiyo pale alipoeleza, katika kitabu cha pili cha Maadili ya Nikomako, kwamba kadiri iliyo sawa haipatikani kwa hesabu ya katikati ya kingi na kidogo, wala haiwi moja kwa watu wote: chakula kinachomtosha mwanamieleka Milo humzidi anayeanza mazoezi. Cheni ya safu mbili ina uzito zaidi wa kuzungushwa, hudai nafasi zaidi nyuma ya kifuniko, na faida yake huonekana pale ambapo springi za valvu ni ngumu na injini inazungushwa kwa kasi kubwa, kama kwenye mashindano. Kwenye gari la kubebea magunia ya mahindi kwa mwendo wa wastani, fedha inayotumika kuiongeza safu ya pili ingefanya kazi njema zaidi ikinunua pampu mpya ya oili au kulipia usafishaji wa matundu ya oili yaliyoziba. Ubora wa spea, kwa hiyo, ni kufaa kwake ndani ya kitu kizima, na anayeutafuta nje ya kitu hicho anatafuta fahari.

Hoja hiyo ya uzima ndiyo inayoeleza kwa nini watu wa kazi hii husisitiza seti. Seti ni mkusanyiko wa cheni, sproketi zake mbili, tenshena, miongozo na mara nyingi gasketi na sili, na vishawishi vya kuigawa ni vingi: cheni mpya na sproketi za zamani zinazoonekana bado nzima, au cheni na sproketi mpya na tenshena iliyochoka. Sproketi iliyozeeka pamoja na cheni yake imelika kwa kufuata urefu wa cheni ile. Ikiwekewa cheni mpya yenye umbali sahihi kati ya pini na pini, meno yaliyoharibika huzibeba roli, yaani vijigurudumu vya cheni vinavyokaa kati ya meno, mahali pasipostahili na kuichakaza cheni mpya upesi kuliko ambavyo ingechakaa. Kila kimoja kwa peke yake kingeweza kutetewa, na vikiwa pamoja vinaharibiana. Wema wa sehemu hauwezi kuhukumiwa nje ya uhusiano wake na nyingine, na maadili ya jamii nyingi za Kiafrika yamelishika wazo hilo katika dhana ya utu, ambayo humtazama mtu kwa namna anavyokaa na wenzake.

Linabaki swali la nani abebe hasara cheni inapoharibika, na mafaqihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, walilijadili kwa undani katika mlango wa mwajiriwa wa pamoja, ambaye ni fundi anayepokea kazi za watu wengi, kama mshonaji au mtia rangi nguo. Ali bin Abi Talib amepokewa kuwa aliwatoza mafundi dhamana ya vitu vilivyoharibika mikononi mwao, kwa hoja kwamba bila ya hivyo watu hawatatengemaa. Upande wa pili, wapo walioona kwamba mkono wa fundi ni mkono wa amana, na mwenye amana halipi ila akizembea au akivuka mipaka. Imamu al-Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea katika pwani ya Afrika Mashariki, alipokewa na mwanafunzi wake al-Rabi' kuwa aliegemea rai hiyo ya pili lakini hakupenda kuitangaza, kwa kuwachelea mafundi waovu wasije wakaifanya ngao. Ni vigumu kupata mahali pengine ambapo mwanazuoni ameonyesha kwa uwazi kama huo utata wa jambo hili: haki inamtaka fundi mwaminifu asibebeshwe hasara ya chuma ambacho hakukiyeyusha yeye, na haki hiyohiyo, ikitangazwa sokoni bila masharti, inampa mdanganyifu mahali pa kujificha. Maneno amana, imani, amini na mwaminifu yote yanatoka katika shina moja la Kiarabu, na uhusiano wa fundi na mteja unayahitaji yote kwa pamoja. Ikitoweka imani ya mmoja, amana ya mwingine haina pa kukaa.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote halitoki kwa wadanganyifu, linatoka kwa maskini. Mwenye gari anaweza kuwa na fedha ya cheni ya bei ya chini tu, na gari hilo ndilo linalomlipia mtoto ada ya shule, kwa hiyo kumwambia angoje apate seti kamili ni kumwambia afunge kazi. Katika hali hiyo fundi anayemwekea cheni ya bei ya chini baada ya kumweleza waziwazi ni ya aina gani, itarajiwe kudumu kiasi gani na isikilizwe vipi, hajavunja amana, kwa sababu kilichofichwa na chuma kimefunuliwa kwa ulimi, na aliyeamua ni mwenye mali. Sheria ya Kiislamu inampa mnunuzi khiyari ya aibu, yaani haki ya kukirudisha kitu akigundua kasoro aliyofichwa, na haki hiyo huondoka pale alipoijua kasoro akaridhia. Hekima iliyomo ni kwamba dosari ya kitu inavumilika, na kuificha hakuvumiliki. Lakini ridhaa ya mwenye gari ina mpaka wake. Gari linalobeba abiria usiku, kwenye mteremko au kwenye barabara yenye malori, lina watu ndani ambao hawakuulizwa, na injini inayozimika ghafla katikati ya kulipita gari jingine huwadhuru wao kabla ya kumdhuru aliyeokoa fedha. Kwa gari la namna hiyo fundi anayo haki, na kwa kadiri ya rai hii anao wajibu, wa kuikataa kazi kuliko kuifunga kwa kitu asichokiamini.

Mwenye gari naye hawezi kujiweka nje ya mizani hii. Kwa kuwa tenshena hukazwa kwa presha ya oili, na kwa kuwa pini na bushi huishi kwa oili safi, cheni bora kuliko zote ikiachwa katika oili iliyogeuka lami italika kama ile duni, na atakayelaumiwa ni fundi aliyeifunga kwa uaminifu. Amana aliyokabidhiwa fundi kwa siku chache za ovaholi hurudi mikononi mwa mwenye gari kwa miaka yote inayofuata, na huko nako hakuna anayemwona anapoahirisha kubadilisha oili kwa mwezi mmoja, kisha mwingine.

Ipo desturi ya mafundi waangalifu inayostahili kuwa ya wote, na wenye magari wanaombwa waidai: mteja aitwe kabla kifuniko hakijafungwa, aonyeshwe cheni iliyotoka na iliyoingia, zikiwekwa sambamba ili zilinganishwe urefu, na vipande vya zamani vitiwe ndani ya boksi la vipya na kurudishwa kwake pamoja na risiti. Kisha kranki izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili, alama za sproketi zitazamwe tena mbele yake, na ndipo gasketi ipachikwe.